Breka inakata, soketi inanuka: kutafuta chanzo cha hitilafu za umeme nyumbani

Malalamiko ninayopokea kama fundi umeme hapa Dar es Salaam yanajirudia. "Fundi, breka inakata kila nikipiga pasi." "Fundi, bomba la kuogea linanipiga shoti." "Fundi, soketi ya jikoni inanuka." Mwenye nyumba mara nyingi anadhani kifaa kimeharibika, au umeme wa nje ndio mbaya. Yapo hayo. Ila nikifungua bodi ya breka, mara nyingi nakuta nyumba iliyofanyiwa wayaringi kwa ajili ya taa, redio na friji, na leo inadaiwa ipike, ichemshe maji ya kuoga, ipoze hewa na ifue nguo kwa nyaya zilezile.

Na madai hayo yanaongezeka. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme limeingia majumbani, na ni jambo jema, moshi wa mkaa umetesa mama zetu vya kutosha. Lakini waya uliofukiwa ukutani miaka 15 iliyopita haukuambiwa habari hiyo.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta ile inayokusumbua, anza na chanzo cha juu kabisa ndipo ushuke, maana vimepangwa kuanzia kinachotokea mara nyingi.

Kabla hujagusa chochote

Unachoruhusiwa kufanya bila kuwa fundi ni hiki: kuzima na kuwasha breka, kuchomoa na kuchomeka vifaa, kubadilisha fyuzi ya plagi, kutazama, kunusa, kusikiliza na kuhesabu. Kufungua soketi ukutani au mfuniko wa bodi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mita ya LUKU, lakiri zake na waya unaotoka nguzoni ni mali ya TANESCO, na kwa Zanzibar ni ZECO. Hata mimi siugusi.

Tesita ya bisibisi isikupe ujasiri. Inaweza isiwake kwenye waya wenye umeme, kwa sababu umesimama juu ya kiti kikavu cha plastiki au kwa sababu tesita yenyewe imechoka. Watu wameumia wakiiamini.

Jambo la pili ni hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibati cha kifaa, gawanya kwa 230, unapata amperi. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linakula amperi 8.7. Pasi ya wati 1,200 ni 5.2. Jiko la presha la wati 1,000 ni 4.3. Kiyoyozi cha BTU 12,000 ni kama 5. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, ya wati 5,500, inafika karibu 24 peke yake. Friji, televisheni na taa zote za LED za nyumba nzima hazifiki amperi 3 kwa pamoja, kwa hiyo usihangaike kuzima taa ili breka isikate. Kinachoelemea ni chochote kinachotoa joto.

Breka ya soketi inakata baada ya dakika kadhaa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Unawasha vitu, vinafanya kazi, kisha baada ya dakika tatu, kumi au ishirini, tap, giza. Unarudisha, inakaa, inakata tena. Mwezi wa Ramadhani simu za namna hii zinaanza saa kumi na moja jioni, kila jiko likiwa na futari.

Chanzo cha kwanza ni mzigo kuzidi kwenye saketi moja, yaani nyaya na soketi zinazolishwa na breka moja. Chukua mfano wa jikoni penye jagi la wati 2,000, jiko la sahani moja la 1,500, maikrowevu inayovuta 1,200, pasi ya 1,200 na jiko la presha la 1,000. Jumla ni wati 6,900, yaani amperi 30. Kama soketi zote za nyumba ziko kwenye breka moja ya amperi 20, breka hiyo inafanya kazi yake sawasawa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Breka ya 20 haikati mzigo ukifika 20 na nusu. Kwa viwango vya kimataifa vya breka hizi za majumbani, inaruhusiwa kubeba amperi 22.6 kwa saa nzima bila kukata, na ni lazima ikate ndani ya saa moja mzigo ukifika 29. Ndani yake kuna kibamba cha metali mbili kinachojikunja polepole kadiri kinavyopata joto. Ndiyo maana inachukua dakika, na ndiyo maana ukiirudisha papo hapo inakata mapema kuliko mara ya kwanza: kibamba bado kina moto.

Ukaguzi wake ni rahisi. Chomoa vyote vinavyotoa joto. Subiri dakika kumi. Rudisha breka, kisha ongeza kimoja kimoja huku ukiandika amperi zake. Jumla inapopita uwezo ulioandikwa kwenye breka na ikaanza kukata, jibu umelipata, hakuna kilichoharibika. Kwa leo, panga zamu: jagi likimaliza ndipo pasi. Kwa kudumu, jikoni panahitaji saketi yake.

Chanzo cha pili ni kifaa kimoja kinachovuta zaidi ya kibati chake. Pampu ya maji iliyokwama, kompresa ya friji iliyochoka. Pampu isiyozunguka ila inanguruma inavuta mara kadhaa ya amperi zake za kawaida. Ichomoe, uone kama breka inatulia.

Chanzo cha tatu ni skurubu iliyolegea kwenye breka yenyewe. Joto la skurubu linaingia ndani ya breka na kuidanganya kwamba mzigo ni mkubwa. Dalili yake: breka inakata kwa mzigo mdogo, na ukiweka kiganja karibu na uso wa bodi, bila kuifungua, unahisi joto sehemu moja kuliko nyingine. Hapo zima meni swichi, ile kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima, ita fundi.

Breka kuchoka yenyewe ipo, lakini iko mwisho wa orodha. Wengi huibadilisha kwanza.

Na sasa nizungumze wazi, kwa sababu hili linaua. Nilikwenda nyumba moja Tabata, mama akaniambia, "Fundi aliyekuja mwanzo alitusaidia sana, breka haikati tena." Nikafungua bodi. Palipokuwa na breka ya 20 palikuwa na ya 40. Waya uleule wa 2.5, yaani unene wa shaba yake kwa milimita za mraba. Nilipovuta waya kutoka kwenye bomba la ukutani, ngozi yake ya plastiki ilibaki ndani ya bomba kama ganda la nyoka, shaba ikatoka mkononi mwangu ikiwa imegeuka rangi ya zambarau. Watoto walikuwa wanalala upande wa pili wa ukuta ule.

Waya wa 2.5 ndani ya bomba ukutani hubeba kati ya amperi 20 na 24, na hesabu hiyo ni ya hewa ya nyuzi 30. Ukipita darini chini ya mabati, ambako jua la Dar linafikisha nyuzi 50, uwezo huo unashuka kwa karibu theluthi moja, hadi kama amperi 17. Breka inachaguliwa kwa kumtazama waya. Fundi akikwambia "tuweke kubwa zaidi isikusumbue" bila kubadilisha waya, mlipe nauli yake aende.

Breka inakata papo hapo, hairudi kabisa

Hapa hakuna kusubiri. Unarudisha, inapiga na kukata sekunde ileile, pengine kwa cheche na mlio. Hiyo ni shoti: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zimegusana, au laivu imegusa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini).

Mara nyingi iko kwenye kifaa au waya wake. Chomoa kila kitu kwenye soketi za saketi hiyo, vyote kabisa, na chaja ya simu nyuma ya kitanda isisahaulike. Kuzima kwa swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu swichi nyingi hukata laivu tu. Rudisha breka mara moja. Ikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho chenye shida, na kwa kawaida ni waya wa pasi pale unapoingia kwenye mpini, au ekstensheni iliyokanyagwa na mguu wa kochi.

Ikiwa vyote vimechomolewa na bado inakata, shoti iko ukutani au darini. Muulize kila mtu nyumbani: nani amepigilia msumari wa picha, nani ametoboa ukuta kuweka pazia, panya wako darini? Panya wanatafuna ngozi ya waya, hilo si hadithi.

Usirudishe breka zaidi ya mara moja baada ya kuchomoa vyote. Kila ukirudisha unapeleka mamia ya amperi kwenye sehemu iliyokwisha kuungua. Iache chini, ita fundi aje na kipima ngozi ya waya. Anazima umeme, anasukuma volti 500 kwenye waya na kusoma kama ngozi bado inazuia. Chini ya megaomu 1, waya huo haufai.

Kama inayokata ni breka ya kiyoyozi au pampu, na inakata pale tu mota inapoanza kuzunguka, inaweza kuwa aina ya breka. Zenye herufi B hukata haraka kwa mruko wa mara 3 hadi 5 ya uwezo wake. Zenye C huvumilia hadi kati ya mara 5 na 10. Mota inapoanza, amperi zake huruka kwa muda mfupi, ni tabia yake. Fundi anaweza kuweka C ya uwezo uleule, akishapima kwamba njia ya ethi ni nzuri.

Swichi ya uvujaji inakata

Ni ile pana kwenye bodi, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Haijali mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliamperi 30, inakata kwa sababu kiasi hicho kikipita mwilini mwa mtu kinaweza kusimamisha moyo.

Inakata zaidi wakati wa mvua? Anza na vya nje: taa ya getini, soketi ya barazani, pampu ya kisima. Maji yameingia. Zima breka za saketi hizo, rudisha swichi ya uvujaji, uone.

Inakata asubuhi watu wakioga? Ni hita. Koili yake imepasuka na maji yanagusa umeme. Inakata kila baada ya saa kadhaa usiku? Shuku friji au friza inayoyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu kipasha joto chake huwaka kwa vipindi. Jiko la sahani la umeme lililokaa miezi stoo huvuta unyevu wa pwani na kuvuja dakika za mwanzo. Lianike juani siku nzima ujaribu tena, na likivuja tena liache.

Kutafuta: shusha breka zote ndogo, rudisha swichi ya uvujaji, kisha pandisha breka moja moja. Itakayoiangusha ndiyo saketi yenye tatizo. Hapo endelea kwa kuchomoa vifaa. Kama inakata hata breka zote zikiwa chini, au inakata ovyo bila mpangilio, kuna uwezekano nyutro ya saketi moja imeguswa na ethi, au nyutro za saketi mbili zimechanganywa na aliyeongeza taa juzi. Hiyo huwezi kuitatua kwa breka. Mwite fundi, na umwambie kazi ya mwisho iliyofanyika nyumbani ilikuwa ipi.

Wapo wanaoiruka swichi hii kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Nawasihi msikubali. Angalia hesabu hii: nyumba zetu nyingi zinategemea fimbo ya ethi iliyozikwa uani. Ikiwa udongo unatoa upinzani wa omu 20, na laivu ikagusa bati la mashine ya kufulia, umeme unaopita ni 230 gawanya kwa 20, yaani amperi 11.5. Breka ya 20 haitashtuka. Bati litakaa na umeme mpaka mtu aliguse. Kinachomwokoa ni swichi ya uvujaji peke yake. Bonyeza kitufe cha T kila baada ya miezi michache. Isipokata, imekufa, ibadilishwe wiki hiyohiyo.

Soketi inapata moto, imebadilika rangi, au inanuka

Ukisikia jikoni harufu kama ya samaki aliyeanza kuvunda, au ya mkojo, na hukununua samaki, nenda kanuse soketi. Plastiki ngumu ya soketi na plagi ikipata moto mkali hutoa harufu hiyo. Nimeitwa nyumba ambayo walihamisha kabati zima wakitafuta panya aliyekufa.

Zima breka ya saketi hiyo kwanza. Usivute plagi ikiwa imeyeyuka na ina umeme.

Chanzo cha kawaida ni plagi isiyobanwa vizuri. Vibamba vya ndani ya soketi vimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka, au soketi ni ile nyepesi ya bei ya chini ambayo haikuwahi kubana. Mguso mdogo unazalisha moto. Omu 0.2 tu, ambayo vipimo vya kawaida vinaweza visiione, jagi likivuta amperi 10, inatoa wati 20 ndani ya nafasi ndogo kama ncha ya kidole. Hicho ni kipasha cha kulehemu kidogo, kimefungwa ndani ya ukuta wako. Breka haiwezi kukiona kwa sababu amperi ni zilezile 10.

Jaribu hivi umeme ukiwa umezimwa na soketi imepoa: chomeka plagi. Ikiingia kwa ulaini na kuchezacheza, au inaning'inia, soketi hiyo ibadilishwe. Tazama miguu ya plagi. Ikiwa na weusi upande mmoja au shaba imeota vidoti, plagi nayo itupwe. Ukibadilisha soketi na kubakiza plagi iliyoungua, utaharibu soketi mpya ndani ya miezi.

Chanzo cha pili ni adapta ya njia tatu na ekstensheni. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba zina mwisho wa amperi 13, yaani karibu wati 3,000, na fyuzi ndani yake. Ekstensheni yenye matundu sita haina uwezo wa mara sita. Bado ni 13 kwa jumla, na zile nyembamba ambazo waya wake ni 0.75 zinafaa amperi 6 tu, yaani chaja, redio na feni. Ekstensheni ya kwenye gurudumu ikitumiwa bila kufunuliwa yote inajipika yenyewe, joto halina pa kutokea. Na soketi pacha ukutani haibebi 13 mara mbili. Vifaa viwili vya karibu wati 3,000, kimoja kila upande, kwa saa nzima ni mzigo mkubwa mno kwake.

Angalia pia fyuzi ya plagi. Nimekuta iliyofungwa karatasi ya sigara, na msumari uliokatwa kwa kipimo. Zipo za amperi 3, 5 na 13. Taa na redio zinatosha 3, jagi na pasi 13.

Chanzo cha tatu, na hiki ni cha fundi, ni skurubu zilizolegea nyuma ya soketi, au waya mmoja umekatwa ngozi kupita kiasi. Akishazima na kupima, afungue, akate sehemu ya waya iliyobadilika rangi mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, ndipo aunge upya. Waya ukiwa mfupi, avute mwingine. Asiunge kwa kusokota na kuzungushia gundi ya nailoni ndani ya ukuta.

Chanzo cha nne kimejificha zaidi. Nyumba nyingi zimewekewa soketi kwa mzunguko: waya wa 2.5 unatoka kwenye breka ya 32, unapita soketi zote, unarudi kwenye breka ileile, kwa hiyo mzigo unagawana njia mbili. Waya huo ukikatika mahali pamoja, soketi zote zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hakuna anayejua. Ila sasa njia moja inabeba mzigo wote, chini ya breka ya 32 ambayo haiwezi kuulinda. Ukiona soketi kadhaa za upande mmoja wa nyumba zina uvuguvugu, mwambie fundi apime kama mzunguko umekamilika. Asiyejua unachomaanisha, mtafute mwingine.

Simama hapa: ukiona moshi, ukisikia mlio wa kukaanga ukutani, au ukuta wenyewe ni wa moto, zima meni swichi, toa watu nje. Usimwage maji. Ita Zimamoto kwa 114.

Taa zinafifia kitu kikubwa kikiwashwa

Kufifia kidogo kwa nusu sekunde friji inapoanza ni kawaida. Ikififia na kubaki hivyo, fanya jambo moja kwanza: toka nje, uliza jirani. Kama kwake ni hivyohivyo, hasa kati ya saa moja na saa nne usiku, volti ya mtaa imeshuka na taarifa inakwenda TANESCO. Volti ikishuka hadi 180, jagi la wati 2,000 linabaki na kama 1,225, chai inachelewa tu. Friji na pampu ndizo zinazoumia, mota inavuta zaidi ili ifanye kazi ileile na inachemka. Zichomoe mpaka umeme utulie.

Kwa jirani pako sawa? Basi ni kwako. Mara nyingi ni kiungo kilicholegea kwenye meni swichi, au waya mwembamba uliovutwa mbali kwenda kwenye nyumba ya uani ya wapangaji, mita 40 kwa waya wa 2.5. Nyumba ya uani inataka waya mnene na breka yake.

Simama hapa: ikiwa baadhi ya taa zinafifia na nyingine zinawaka kupita kiasi kwa wakati mmoja, nyutro imeachia mahali. Hili huwapata wenye umeme wa fezi tatu, yaani laivu tatu kutoka nguzoni. Volti inaweza kupanda upande mmoja kuelekea 400 na kuunguza kila kilichochomekwa. Zima meni swichi mara moja, chomoa vyote, piga simu TANESCO, usiwashe "kujaribu".

Bomba au bati la kifaa linapiga shoti

Hata kama ni kutekenya tu. Acha kukitumia saa hiyohiyo, zima breka yake kwa mkono mkavu.

Karibu kila mara kuna makosa mawili pamoja. Kifaa kinavuja, na ethi haipo. Ethi haipo kwa sababu mguu mrefu wa plagi umevunjwa, au adapta ya miguu miwili imetumika, au fundi hakuunga ule waya wa kijani na njano kwenye hita "kwa kuwa inafanya kazi bila hiyo". Au fimbo ya uani imeliwa na kutu ya chumvi, au imeibwa kwa ajili ya shaba. Kiangazi udongo ukikauka, ethi iliyokuwa nzuri masika inadhoofika.

Unachoweza kutazama mwenyewe ni mguu wa plagi, na kama fimbo bado ipo na waya wake haujakatika. Kupima omu zake ni kwa kifaa maalumu. Usimwage maji ya chumvi kwenye fimbo kama dawa, yanasaidia siku chache kisha yanaila.

Hita ya kuogea isiwashwe tena mpaka fundi apime. Bafuni umesimama peku kwenye maji, hakuna mahali pabaya zaidi.

Soketi moja imekufa, nyingine ziko sawa

Jaribu kifaa kingine. Badilisha fyuzi ya plagi. Angalia swichi ya soketi, na kama breka moja imeshuka nusu. Zipo zinazosimama katikati, ishushe kabisa ndipo uipandishe. Zikifa soketi kadhaa mfululizo, waya umeachia kwenye soketi ya mwisho inayofanya kazi au ya kwanza iliyokufa, na fundi aanzie hapo.

Uniti zinaisha haraka

Zima breka zote ndogo, nenda kwenye mita, tazama taa nyekundu inayopepesa kwa dakika tano. Ikiendelea kupepesa, kuna njia inayovuta kabla ya breka zako, ita TANESCO. Ikitulia, pandisha breka moja moja ukiwa umechomoa vifaa vyote na kuzima taa. Saketi itakayoipepesa bila kifaa ina uvujaji, au inamlisha mtu mwingine. Nimeshakuta waya wa fremu ya duka ukitoka kwenye taa ya barazani ya mama mjane.

Kabla ya kununua kifaa kingine cha joto

Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, mgawanyo ninaouweka ni huu. Taa kwenye waya wa 1.5 na breka ya 6 au 10, saketi mbili, ili moja ikikata usibaki gizani kote. Soketi za vyumbani na sebuleni kwa 2.5 na breka ya 20, kama waya haupiti darini penye joto. Jikoni peke yake, 2.5 na 20 kwa soketi za kaunta kwa sharti hilohilo, na jiko kubwa kwenye waya wa 6 na breka ya 32. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye waya wa 4, au 6 kama njia ni ndefu au inapita darini, na breka ya 32. Kamwe isichomekwe kwenye soketi ya kawaida. Kila kiyoyozi na njia yake. Vyote vinavyogusa maji au kwenda nje viwe chini ya swichi ya uvujaji ya miliamperi 30.

Huna fedha za kufumua nyumba nzima? Anza na hita, kisha jikoni. Waya mpya unaweza kupita kwenye trankingi (mfereji wa plastiki wenye mfuniko) juu ya ukuta bila kuvunja plasta, na kazi ya njia moja huisha ndani ya siku.

Ukimpigia fundi simu, uwe umeandika haya: breka ipi imekata na namba iliyoandikwa juu yake, ilichukua dakika ngapi, vifaa gani vilikuwa vimewaka na wati zake, mvua ilikuwa inanyesha au la, na nani wa mwisho kugusa wayaringi. Kisha chukua utepe wa karatasi na kalamu, uandike chini ya kila breka inazima nini. Bodi nyingi ninazofungua hazina hata neno moja, na siku ya moshi hakuna muda wa kubahatisha.